Tanbihi ya Sitini na Moja

Miswada huja kwa aina, na kila aina na ugonjwa wake.
Makala ndefu huja na kitambi:
maneno elfu kumi na nne pale tulipoomba tisa.
Maoni ya kesi huja mbio, yanahema,
wino wa hukumu haujakauka, jaji keshasahihishwa.
Mapitio ya kitabu huja yamepakwa asali;
ukichunguza, msifu na msifiwa walikula harusi moja.
Na dokezo la mwanafunzi wa mwaka wa tatu
huja limevaa suti ya babake, mikono imefunika vidole.

Hapa Parklands, ghorofa ya pili,
dirisha letu linatazama mjakaranda na jenereta.
Umeme ukikatika twahariri kwa karatasi.
Bi. Kwamboka hafichi furaha:
"Kompyuta hukuonyesha kosa la herufi.
Karatasi hukuonyesha uongo."

Kazi yangu ya kwanza ni kumvua mwandishi jina.
Ukurasa wa mbele, nafuta.
Shukrani, nafuta: mke, mfadhili, Mungu.
Aliposema "kama nilivyokwisha kueleza kwingineko,"
naandika "kama ilivyokwisha kuelezwa."
Kisha naingia kwenye sifa za faili,
maana kompyuta nayo ni mmbea.
Wasomaji wa siri, mmoja Eldoret, mmoja Dodoma,
waipime hoja kama nyama mizanini
pasipo kuuliza ng'ombe alikuwa wa nani.
Haki ndiyo hiyo. Nilifundishwa hivyo, nikaamini.

Halafu tanbihi.
Mia mbili na nane, chini ya mstari,
herufi ndogo kama uwele.
Ibara ya arobaini na tatu, makazi yanayofaa, sawa.
Juzuu, mwaka, ukurasa, sawa.
Ya sitini na moja inasema tu:
"Mlalamishi wa tatu alieleza haya kwa kirefu."
Nani? Wapi? Kirefu kiasi gani?

Nikaenda Milimani, masjala.
Karani Kiptanui alimaliza mandazi yake kwanza,
akajifuta vidole, akaingia ndani, akakawia,
akatoka na jalada lililofungwa kamba ya katani.
Kiapo kilikuwa ukurasa wa themanini na nane.

*Mimi, Salome Ndunge, mtu mzima mwenye akili timamu,
naapa na kusema kama ifuatavyo:
Kwamba tingatinga lilifika saa kumi za alfajiri.
Kwamba nilikuwa nimeinjika maharagwe ya kuuza.
Kwamba tuliipata sufuria chini ya ukuta
na bado ilikuwa na moto.*

Sahihi hakuna. Dole gumba, wino wa zambarau,
limeteleza kidogo upande wa kulia.

Niliporudi, makala ilikuwa imeshapunguzwa.
Bi. Kwamboka alikuwa amezungusha duara jekundu:
*61. Ifutwe. Haina uzito.*
Sikubishana; mwaka wa kwanza kazini hubishani.
Nilifungua mwongozo wetu wa uandishi, kurasa thelathini,
nikatafuta: jina la jaji liandikweje, lipo;
jina la meli iliyokamatwa, lipo, tena kwa mlazo;
jina la mwanamke aliyeinjika maharagwe, halipo.

Basi nikakata kwingine.
"Ni dhahiri shahiri kwamba," mara kumi na moja, nje.
Aya nzima inayoahidi aya inayofuata, nje.
Katika nafasi hiyo nikaandika jina, nambari ya jalada,
ukurasa, na sufuria.
Sufuria nusura niiondoe. Niliiacha.

Bi. Kwamboka alisoma amesimama,
miwani kwenye paji la uso, jenereta likinguruma.
Alisoma mara mbili.
Kisha akainama, akatia vinukta vyekundu
chini ya yale aliyokuwa ameyafuta,
kimoja kimoja, kama anayepanda mbegu;
kwa lugha yetu hapa, vinukta hivyo husema: ibaki.

"Lakini hii koma," akasema, "umeitoa wapi?"

Jumatatu likaja jibu la msomaji wa Dodoma,
asiyemjua mwandishi, asiyenijua mimi:
*Hoja ni nzuri. Tanbihi ya 61 ni ndefu mno.*
Pembeni, kwa kalamu ya risasi, kwa mkono mwingine kama si wake:
*Alilipwa?*

Sijui namna ya kuihariri hiyo.